Fungeni Mlango

Azaiba, Maskati
12 Septemba 1998

Mdogo wangu Hasina,

Pokea salamu zangu kabla hazijapoa, na za Awadh, na za binti yangu Khawla ambaye amesimama nyuma yangu anasoma kila nnachoandika. Wewe hujambo? Jawaher binti yako hajambo? Lile paa mmeshalimaliza, au bado mvua inaingia chumbani kama mwenye nyumba? Huku sote wazima, tumshukuru Mungu. Joto ndilo halina adabu mwaka huu. Awadh mume wangu amestaafu wizarani, na kwa kuwa hana tena wa kumwamrisha, ananifuata jikoni kuniuliza kwa nini vitunguu nnavikata hivi na si vile. Nimempa mtoto wa Bi Masouda halwa akuletee. Ikifika imepungua, unamjua wa kumuuliza.

Sasa khabari yenyewe. Hatuna mwalimu.

Nikisema mwalimu usidhani wa Kurani, na nikisema chuo usidhani kile cha kwenda na juzuu kwapani. Nasema Chuo cha Sahil, anakosoma Khawla, na mwalimu wa mpira wa kikapu wa timu ya wasichana. Yule tuliyekuwa naye ameolewa, mumewe kapata kazi Salala, na siku moja tukaamka hatuna mtu. Harusi yenyewe tulikwenda, tukala wali, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka, hatukujua kuwa tunajishangilia msiba wetu wenyewe.

Lazima nikueleze mambo ya ukumbi wetu, maana hutayaamini. Wasichana wanapocheza, mwanamume haingii. Ndani tupo kina mama na dada na mashangazi, na bawabu yuko nje. Lakini mabinti wanaletwa na baba zao kwa magari, na baba akishafika anaona uvivu kwenda nyumbani halafu arudi tena. Basi wanaegesha ubavuni mwa ukumbi, wanafungua mabuti ya magari, wanatoa chupa za kahawa na tende, wanakaa kusikiliza. Watu hawa hawajapata kuuona mchezo hata mmoja, na wao ndio wajuzi kuliko sisi tunaouona. Mabao wanahesabu kwa vigelegele vyetu. Wiki iliyopita Awadh amegombana na jirani yetu Jaifar, baba wa yule binti mrefu, kuhusu mpira uliokosa kuingia. Jaifar anasema ulipigwa kwa haraka. Awadh anasema hapana, mkono ulitetereka. Nimewauliza, nyote wawili mmeujulia wapi mkono, wakanitazama kama mie ndiye mpumbavu.

Sasa tangu mwalimu aondoke ndiyo fitina imeshika kweli. Jaifar na kundi lake wanataka mtu mwenye vyeti, ikiwezekana avilete ndani ya fremu. Awadh na kundi lake wanataka mtu wa kwetu, anayejua mchezo wa pasi kama ulivyochezwa Unguja. Wameshafika mahali pa kusalimiana kwa kichwa tu. Na sisi wa ndani tumegawanyika vilevile, ila sisi tunagombana huku tunakula sambusa, kwa hiyo haionekani.

Nnacheka nikiandika, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Bi Sayyida, mkuu wa mambo ya wasichana pale chuoni, mwanamke mkavu ila mwadilifu, amesema mpaka Ramadhani ikiingia hakuna mwalimu, ukumbi watapewa wengine na timu itavunjwa. Khawla unamjua, alikuwa mtoto wa kujifungia chumbani. Tangu aingie timu hii anacheka mezani mpaka maji yanamtokea puani. Sitaki kurudi kwenye ile nyumba ya kimya, Hasina. Sitaki kabisa.

Wewe umewafundisha wasichana wa skuli mchezo huu maisha yako yote. Nitajie mtu. Nimekupigia simu mara kadhaa na kila mara Jawaher ananiambia umetoka.

Dada yako anayekupenda,
Mahbuba

*

Mlandege, Unguja
4 Oktoba 1998

Dada yangu Mahbuba,

Halwa imefika. Nasema imefika, sisemi imefika yote.

Sisi hatujambo, na salamu zenu tumezigawana sawasawa. Paa limekwisha upande mmoja. Upande wa pili fundi amekwenda Pemba kumzika mjomba wake, na huyu ni mjomba wa tatu tangu tumpe kazi. Jawaher ameanza kufundisha hesabu skuli, anarudi nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi. Anawasalimu sana, hasa Khawla, na anataka kujua kama kweli huko mnavaa kandambili za ngozi harusini.

Simu usijisumbue nayo. Laini ya huku inakwaruza na wewe unakasirika haraka. Andika. Barua yako mie naisoma mara nne, simu ningeisikia mara moja. Na skuli nimepumzika tangu mwaka jana. Usiniulize, kupumzika ni kupumzika.

Majina ya watu sina. Wanawake walioujua mchezo huu hapa wameolewa mbali, wamenenepa, au wamehamia kwenu huko, wanacheza karata. Lakini timu haifi kwa kukosa mwalimu mwezi mmoja. Inakufa kwa kukaa. Waambie waendelee kukutana, na wewe uliye na mdomo wasomee haya nnayokuandikia.

Mie wasichana wangu siwafundishi kwa maneno ya vitabuni. Maneno ya vitabuni mpaka uyakumbuke, mwenzio keshafunga bao. Nawafundisha kwa maneno ya nyumbani. Nikisema "koroga", mpira uzunguke kwa pasi fupi fupi, mtu asikae nao mkononi. Nikisema "epua", aliye karibu na kikapu apige hapo hapo, kabla chakula hakijaungua. Na pale chini ya kikapu ndiyo nyumba yenu, na nyumba ina mlango. Nikisema "funga mlango", wawili wasimame pale, miguu imepanuka, mikono juu, kifua mbele, wasimguse mtu. Timu inayoacha mlango wazi hata kikongwe ataingia na mkongojo wake afunge bao.

Anza na hayo matatu. Na mwambie Awadh kama mkono ulitetereka au haukutetereka, huko nje hakuna ajuaye.

Mdogo wako,
Hasina

*

Azaiba
27 Oktoba 1998

Hasina wangu,

Vipi hali? Mjomba wa fundi amekwisha kuzikwa, au bado? Sisi wazima. Khawla anasema harusini vinavaliwa viatu vyenye visigino virefu, ila zikifika saa za kucheza ngoma vyote vinaachwa chini ya meza, na mwisho wa karamu kila mtu anakwenda nyumbani na kimoja chake na kimoja cha mwenzake.

Sasa kaa kitako nikupe. Waliletwa walimu wawili kwa majaribio, kila mmoja jioni yake. Wa kwanza ni wa Jaifar, mama mwenye vyeti, na kweli alivileta. Aliwapanga wasichana mstari, akawakimbiza, akawanyoosha, akawakimbiza tena, mpira haukutoka kwenye mfuko. Nje huko Jaifar kafurahi mno, kila tukikaa kimya ndani anawaambia wenzake, mnasikia nidhamu hiyo. Yule binti yake mrefu aliporudi garini alilala kabla mlango haujafungwa, na siku ya pili akamwambia baba yake kama ni huyo basi yeye anahamia taarabu.

Wa pili anaitwa Truphena, Mkenya, anafundisha mazoezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Huyo mtu, wallahi. Anasema "sawa sawa wasichana, twende kazi", na wasichana wakaenda. Amecheza kwao mpaka timu ya mkoa. Tulimpenda sote, hata mie niliyekwenda na nia ya kumkosoa. Lakini hoteli inambadilishia zamu kila wiki, na mwajiri wake amekataa kumpa jioni zake. Alitusikitikia kwa kweli. Amesema akipata nafasi atakuja kukaa na sisi kushangilia tu, na amekuja, na ana kelele.

Tukarudi pale pale, bila mtu, na wasichana wamekaa chini kwenye sakafu wamenuna. Nikaona hapana. Nikatoa barua yako kwenye mkoba, nikawasomea. Uliposema kikongwe na mkongojo wake walicheka. Wakagawanyika makundi mawili, wakaanza, na mie nikasimama pembeni na barua mkononi, nikapiga kelele. Korogeni. Korogeni nasema. Epua, Khawla, epua inaungua. Hasina, mpira uliingia. Mie mpira huu sikupata kuushika maishani mwangu, na niliwaambia waepue, wakaepua, ukaingia. Niliruka mpaka kilemba kikateleza.

Sasa sikiliza ya nje. Wanaume wamesikia sauti, na ule ukumbi una mwangwi, maneno yanatoka mapana. Jaifar alidhani mwanzo tunapika, akauliza kama kuna karamu. Baadaye wameelewa, na wamepagawa. Wanasema chuo kimepata mwalimu wa ajabu, sauti kama ya jemadari, na anatumia maneno ya siri ili wapinzani wasielewe. Jaifar mwenyewe amesahau vyeti. Yeye na Awadh wamekumbatiana.

Na huyu Awadh tumekaa mezani ananieleza. Ananieleza mimi. Anasema mwalimu mpya ana sauti ya mtu aliyezaliwa kuongoza, sijui amesomea wapi. Miaka yote hii nnamwita mtu huyu aje kula, na sauti hajaitambua. Khawla alikimbilia jikoni akajiziba mdomo kwa taulo. Mie nikamwongeza mchuzi, nikasema, inshallah tutamjua.

Niandikie zaidi, na upesi. Ramadhani inakuja. Nilipiga simu tena Ijumaa, Jawaher kasema umekwenda sokoni. Saa za magharibi soko gani?

Mahbuba

*

Mlandege
21 Novemba 1998

Dada,

Barua hii imechelewa kwa sababu aliyeahidi kuichukua ameahirisha safari mara mbili, usinilaumu mie. Hapa wote salama. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni wa Idi. Paa bado.

Nilipofika pale pa Awadh na mchuzi nilicheka mpaka Jawaher akaja kuona nina nini. Nikampa barua akasoma, akacheka na yeye, tukakaa wawili tunafutana machozi. Siku nyingi sijacheka hivyo. Pale ulipoeleza jinsi sauti yako inavyojaza ukumbi nimerudia tena na tena. Itunze sauti hiyo, Mahbuba. Kunywa maji ya tangawizi, usipige kelele na koo kavu, na ukihisi inakwaruza pumzika siku hiyo hiyo. Nisikilize katika hili kuliko katika yote.

Haya, somo. Binti mrefu asimamishwe mlangoni kila wakati, asikimbizwe huku na huku. Urefu ukikimbizwa unapotea. Khawla kama ana haraka, basi yeye ndiye wa kukoroga, apewe mpira kwanza. Na wakifunga bao wasikae kujipongeza. Wewe ndiye utakayewaponza, maana najua unaruka. Bao likiingia, hapo hapo sema "fungeni mlango", kwa sauti, mara mbili, warudi nyumbani kwao kabla mwenzao hajafika. Timu nyingi zinauawa wakati wa vigelegele.

Yule Truphena msimwachie. Mtu anayekuja kushangilia siku yake ya mapumziko ni mtu.

Unauliza soko gani magharibi. Soko la magharibi.

Hasina

*

Azaiba
14 Disemba 1998

Hasina, Hasina, Hasina,

Salamu nitakupa mwisho, nikianza nazo nitapasuka.

Jumamosi Bi Sayyida alikuja ukumbini. Alikuja kutuvunja, hilo nilikuwa nalijua. Gari lake lilikuwa nje linaunguruma, dereva ndani, maana alikuwa na mkutano Maskati mjini, huko wizarani. Alisema atatutazama dakika chache kwa kutuheshimu, kisha atatoa uamuzi. Alisimama karibu na mlango, mkoba begani, hata hakukaa.

Tukaanza. Barua yako nikaifanya kipepeo cha kujipepea. Wasichana wamekoroga vizuri, Khawla katoa pasi, mwenzake kaepua, bao. Na mie nimekumbuka ulivyonionya. Sikuruka. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti yote Mungu aliyonipa, "Fungeni! Fungeni mlango! Asipite mtu!"

Nje pale Awadh kaisikia. Mwalimu wake kipenzi anaamrisha mlango ufungwe. Akaona bila shaka kuna mwanamume amechungulia, na heshima ya mabinti zetu imo mikononi mwake. Akamkimbilia bawabu. Bawabu ni Mbaluchi, Kiswahili hajui, akaelezwa kwa Kiarabu na kwa mikono. Wakaufunga ule mlango mkubwa kwa komeo na kufuli, na Jaifar akaegemeza mgongo wake hapo kwa hiari yake mwenyewe. Kisha bawabu akatia ufunguo mfukoni, akapanda baiskeli, akaenda kula.

Ndani Bi Sayyida ametazama saa, akageuka aondoke. Mlango haufunguki. Akagonga, na wakati huo huo tumefunga bao jingine, sisi vigelegele, mie tena fungeni mlango, fungeni, na Jaifar huko nje anazidi kuegemea. Akagonga kwa kiatu. Hakuna aliyesikia. Mwisho kwa kukosa la kufanya akakaa kitako karibu na Truphena.

Hapo ndipo alipouona mchezo, Hasina. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Kwanza alikaa na mkoba mapajani. Kisha mkoba ukawa chini. Kisha akamuuliza Truphena kukoroga ni nini, Truphena akamweleza. Mara ya pili nilipotazama amesimama, na yule mwanamke mkavu anapiga kelele "epua" kwa Kiswahili ambacho sikujua anacho. Kumbe mama yake kazaliwa Wete, Pemba. Miaka yote tunamwamkia kwa Kiarabu cha kuchagua.

Bawabu aliporudi na mlango ukafunguliwa, Awadh alikuwa amesimama wima kama anapokea mgeni wa serikali. Akasema, tumefunga kama mwalimu alivyoamrisha. Mie nikatokea, nikasema, "Mwalimu gani, Awadh?" Nilisema kwa ile ile sauti, maana nyingine ilikuwa imekwisha. Ningekuwa na picha ya uso wake ningekutumia uitundike ukutani. Jaifar alikaa chini kwenye lami.

Bi Sayyida hakumkasirikia mtu. Mkutano wake umempita, na amesema mkutano utakuwepo mwingine. Akanivuta pembeni, akaniambia kazi ni yangu, timu inabaki. Na mimi, Hasina, nimesema hapana. Nimemwambia mie ni mdomo tu. Kila neno alilolisikia limeandikwa Unguja na mdogo wangu, na mechi za vyuo zikianza mwezi wa tatu barua hazitatosha, nitasimama pale na wapinzani wamebadilisha mchezo, nami nasubiri posta. Mwalimu ni wewe. Akasema basi aje, chuo kitamwandikia viza na mkataba, ila atake mwenyewe, na jibu alipate baada ya Idi. Bila jibu, ukumbi unakwenda kwa wengine kama alivyosema mwanzo.

Najua neno hili hatulisemi baina yetu tangu mwaka ule ulipoikataa safari ya kuja huku ukabaki na mama. Ulikuwa na haki na mimi nilikuwa na hasira, na mama keshapumzika, Mungu amrehemu. Nalisema leo. Njoo.

Salamu kwa Jawaher, kwa fundi, kwa paa, kwa kila mtu.

Mahbuba

*

Azaiba
25 Januari 1999

Hasina,

Idi Mubarak, ingawa imeshapita. Sote wazima. Umenipa Idi ya kimya.

Bi Sayyida ameniuliza mara mbili, nami nimemwambia posta. Khawla haniulizi, na hilo ndilo linaloniuma, ameanza tena kula chumbani kwake. Simu nimepiga siku ya Idi, Jawaher akasema umelala. Nikasikia mtu anapumua karibu na simu. Nilikujua, mwanamke we. Unakataa kuja, kataa. Lakini kwa nini unakataa kusema na mimi? Nimekukosea nini?

Mahbuba

*

Mlandege
7 Februari 1999

Dada yangu mpenzi,

Hukunikosea kitu. Nakuomba hilo ulisome kwanza kabla ya salamu, halafu upokee salamu. Jawaher anakubusu mikono. Paa limekwisha, pande zote mbili, fundi amekosa wajomba.

Ni kweli nilikuwa karibu na simu. Huwa nakaa karibu kila unapopiga. Jawaher anakishika kile chombo baina yetu ili na mie nikusikie.

Mwaka juzi nilikuwa na rovu shingoni. Sikukuambia kwa kuwa ungepanda ndege. Nikapasuliwa, rovu likatoka salama, na sauti ikatoka nalo. Si kwamba imekwaruza. Haipo, Mahbuba. Nnanong'ona, na aliye upande wa pili wa meza hanisikii. Ndiyo maana nimepumzika na skuli. Nilikwenda siku ya kwanza baada ya kupona, nikasema koroga, hakuna aliyegeuka. Watoto hawakufanya ubaya, hawakusikia tu. Nilirudi nyumbani nikalia, nikazitoa filimbi zangu, nikamgawia kila aliyetaka. Ukinipa filimbi pia siwezi, pumzi yenyewe inavuja.

Barua yako ya kwanza ilipokuja nilidhani nitakujibu tu kwa adabu. Kisha ukaniambia umesimama na maneno yangu, ukapiga kelele, na mpira ukaingia. Nilihisi kama nimeipata sauti yangu huko Maskati, ipo, ina afya, inafanya kazi. Nikafurahi kupita kiasi. Nikawa nasubiri barua zako kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Na ndiyo maana siwezi kuja. Chuo kimeomba mwalimu, na mwalimu asiyesikika ni mtu aliyekaa benchi. Wasichana wako wananidhania jemadari. Waache wanidhanie. Mwambie Bi Sayyida ahsante sana, na umwambie akuchukue wewe, nami nitaandika kila wiki, nitampa rubani mwenyewe barua mkononi.

Usilie. Najua unalia. Koo langu haliniumi hata kidogo.

Hasina wako

*

Azaiba
22 Februari 1999

Mdogo wangu,

Nimelia. Nimemaliza. Salamu umezipata, sasa soma haraka kwa kuwa anayeleta barua hii ndiye amebeba na bahasha ya chuo, na ndani ya bahasha mna viza yako.

Nilikwenda kwa Bi Sayyida asubuhi ya siku ile ile barua yako ilipofika, na macho yangu yamevimba. Nikamweleza yote. Akazungusha kalamu. Halafu akasema amefanya kazi na wakubwa wengi wenye sauti na hawana la kusema, kwa hiyo yeye hili la kwako halimtishi. Akauliza, huyo atakaa wapi wakati wa mechi? Nikasema kwenye kiti, kando yangu, ananiambia mie sikioni, nami nawaambia wao. Akauliza kama sheria za mchezo zinakataza. Truphena tulikuwa tumekwenda naye, akasema hazikatazi mwalimu kunong'ona. Bi Sayyida akapiga muhuri. Mkataba una jina lako. Mie nimeandikwa msaidizi, na hicho ndicho cheo cha kwanza nilichopata kupata katika nchi hii, usinitanie.

Nimewaambia wasichana. Sikuwaficha kitu. Yule binti wa Jaifar akauliza kama utawafundisha pia ishara za mikono, maana ukiwa huwezi kupiga kelele basi wapinzani hawatajua tunataka kufanya nini. Wenzake wakampigia makofi. Khawla nimemkuta jioni anahamisha vitu vyake, chumba chake chenye dirisha la baharini anakuachia wewe, yeye anahamia kile kidogo. Na usiku amekula mezani, amecheka, na maji yamemtokea puani.

Nje huko fitina imeanza upya, Mungu awape nini tena. Wamesikia anakuja mwalimu kutoka Unguja na Jaifar anasema haiwezekani, hapawezi kupatikana sauti ya kuishinda ile waliyoizoea. Anataka kwenda chuoni kulalamika. Wasichana nimewaapisha wasiseme, na Awadh naye, maana anajua kila kitu. Anakunywa kahawa kikombe juu ya kikombe ili mdomo wake uwe na shughuli. Siku ya mechi watasikia sauti ile ile, na Jaifar atasema kashinda, na mie nitamwachia ushindi wake.

Zawadi usilete. Nguo nyepesi leta, joto linarudi. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege, na patakuwa na makelele na mizigo na watu wanaitana, najua, nawe utakuwa unaogopa kuwa utaniita nisisikie. Usiniite. Mie ndiye nitakayekuita, uwanja mzima utajua jina lako. Kisha ukinifikia niambie lolote unalotaka, polepole kadiri uwezavyo. Nitakaa karibu.

Dada yako,
Mahbuba